Mchota Maneno wa Mashabiki wa Roki

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Mkurugenzi aliyeniajiri alikuwa na kampuni ndogo ya kuandaa matamasha ya muziki, ofisi yake juu ya duka la mabati na misumari pale Kitengela, na aliniambia kwamba cheo changu kitakuwa afisa wa maoni. Mimi Kioko, mtu wa Mwala, nilikuwa nimekuja Kitengela kupasua mawe kwenye machimbo na mikono yangu ikakataa baada ya muda mfupi. Niliposikia neno afisa nilikwenda mbio kuazima tai kwa shemeji yangu. Mkurugenzi alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akaniagiza niivue.

"Ukivaa hiyo kitu watu watadhani umetumwa na chifu," akasema. "Watakudanganya mpaka uchoke."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Vijana wa leo nikiwaambia kwamba niliajiriwa kusikiliza mashabiki wa roki wakibishana, na kwamba nililea watoto kwa kazi hiyo, wananiona mzee wa kutunga. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mkurugenzi alikuwa na imani moja, kwamba mwandaaji wa tamasha hawezi kujua kama tamasha lilikuwa zuri, kwa sababu yeye hukaa nyuma ya jukwaa akihangaikia jenereta. Alitaka mtu wa kwenda kati ya watu, asikie wanasemaje juu ya kila kundi, kisha amletee. Kutokana na maneno hayo aliamua nani aitwe tena na nani aachwe. Ofisini tuliita kazi hiyo kuchota maneno, nami nikawa mchota maneno.

Siku ile ya kwanza kulikuwa na tamasha kwenye uwanja wa wazi kando ya barabara ya Namanga. Nilisimama langoni watu wakitoka, nikawauliza mmoja mmoja. Wote walisema ilikuwa poa sana. Nilirudi kwa Mkurugenzi nimefura kwa furaha, nikamwambia kila kundi limependwa. Alicheka hadi akashika meza. Akanieleza kwamba hayo ni maneno ya moto, na kwamba mtu anayetoka harusini na pilau bado iko tumboni huwezi kumuuliza kama bibi arusi ni mzuri. Akaniagiza nirudi katikati ya wiki, watu wakiwa wamelala na kuamka na kugombana na waajiri wao, nimletee maneno baridi. Basi maneno ya moto ni yale ya langoni, na maneno baridi ni yale yanayobaki siku kadhaa baadaye, na mshahara wangu ulikuwa kwenye yale baridi.

Nilikatazwa pia kalamu. Ukitoa kalamu, shabiki hujikohoza na kuanza kusema kama shahidi mahakamani. Ilinibidi nisikie, nishike kichwani, halafu nitembee hadi ofisini bila kusimama kuzungumza na mtu njiani. Mke wangu, Mama Mwende, alizoea kunikuta nikipita karibu naye sokoni nikinung'unika peke yangu, na majirani walimpa pole.

Kisima changu cha kwanza kilikuwa kibanda cha chai cha Mama Syombua, karibu na machimbo ya mawe. Roki ilifika pale kwa redio na kwa kanda zilizorekodiwa juu ya kanda nyingine, hata ukisikiliza gitaa kwa makini ulisikia kwa mbali kwaya ya kanisa iliyokuwa imefutwa vibaya. Wapasua mawe walipenda bluzi, ile roki ya taratibu inayolia kama mtu anayelalamika kwa rafiki. Nilidhani watu wa nyundo wangependa kelele. Walinieleza kwamba kelele wanazo kutwa nzima na hawawezi kuzilipia kiingilio. Aliyependa kelele alikuwa Lemayian, kijana mwembamba aliyefanya kazi machinjioni. Yeye alikuwa mtu wa metali, roki nzito ya magitaa yanayonguruma na ngoma za mbio. Kila Jumatano alibishana na wapasua mawe mpaka chai ikapoa, na Mama Syombua akawa anawapa vikombe vilivyojaa nusu, akisema nusu nyingine haitanyweka.

Nilipozoea nilifundishwa kupima uwanja. Unasimama karibu na mixa, ile meza ya vifundo ambayo fundi hutumia kupandisha na kushusha sauti ya kila chombo, kwa sababu hapo ndipo sauti inapofika ikiwa sawa. Kisha unaacha kutazama jukwaa, unatazama watu. Unatafuta mashimo, yaani sehemu za nyasi tupu zinazojitokeza mbele ya jukwaa. Shimo likikua wakati kundi linapiga, ujue watu wamekwenda kula nyama. Lakini kama hakuna shimo na bado hakuna anayetikisika wala kupiga makofi, hapo tulisema uwanja umekufa. Hakukuwa na neno baya kuliko hilo katika kampuni yetu.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Gataka, kule Ongata Rongai, chini ya Meneja wa Tawi, mtu mpole aliyeogopa muziki wenyewe na kuziba masikio kwa pamba. Mashabiki wa Gataka walikuwa wanafunzi. Walishindana kuhusu grunji, ile roki ya manung'uniko, na kwa kadiri nilivyoelewa sharti la kwanza la grunji lilikuwa kuvaa sweta ya mjomba. Walijua majina ya wapiga besi wa nchi ambazo hawajawahi kuziona, na waliongea haraka mno. Nilichota nilichoweza. Kwa kweli sikusikitika Mkurugenzi aliponirudisha Kitengela na kuniambia kwamba sasa atafanya matamasha Kajiado, na kwamba mimi nitakuwa masikio yake huko.

Kajiado ndiko nilikojifunza kazi. Mashabiki wengi walikuwa wafugaji na watu wa soko la mifugo, na walikuwa na namna yao ya kuzungumzia muziki. Hawakutumia majina ya kwenye kanda. Panki, roki fupi fupi ya fujo, waliiita mbuzi, kwa kuwa inaruka ua na haijali mwenye shamba. Roki laini ilikuwa kondoo, maana kila wimbo unamfuata mwenzake. Metali ilikuwa fahali. Bluzi ilikuwa ng'ombe aliyefiwa na ndama, anayekataa kutoa maziwa mpaka aimbiwe. Na baada ya tamasha walichambua kila kundi vile wanavyochambua mifugo sokoni: huyu amenenepa upande mmoja, huyu anachechemea akipanda, huyu ni mzuri lakini amefundishwa vibaya. Nilipompelekea Mkurugenzi maneno hayo mara ya kwanza aliuliza kama nimekwenda tamashani au mnadani.

Mwalimu wangu huko alikuwa Mzee Tipanko. Alikuwa amefanya kazi ya ulinzi kwenye uwanja wa maonyesho, na mafundi walipokuja kupima sauti kabla ya tamasha yeye alikuwa msikilizaji wa pekee. Alisema alianza kusikia roki bila kulipa, akazoea, na alipostaafu akajikuta analipa kiingilio. Alisimama mbele kila mara, shuka begani, fimbo mkononi. Hakuwahi kucheza hata kidogo, na hakuna aliyejua muziki ule kumshinda.

Sasa niwaeleze kuhusu Wanza. Alikuwa mwalimu wa chekechea Kitengela, binti wa familia ya kanisa kutoka Kitui, na gitaa alijifunza kwenye kwaya. Wazee wa kanisa walipoona namna alivyokuwa akimalizia tenzi, walimwomba kwa upole ashike kayamba badala yake. Akakusanya wapasua mawe watatu, mmoja wa besi, mmoja wa ngoma, mmoja wa gitaa la pili, wakaunda kundi na kuliita Kokoto. Pale kwa Mama Syombua walipendwa na pande zote mbili, jambo ambalo halikuwa limetokea kabla. Nilimpelekea Mkurugenzi maneno hayo, maneno baridi kabisa, naye akawapa nafasi Kajiado.

Kokoto walipiga alasiri moja kabla ya kundi la wageni kutoka Nairobi. Nyimbo za kwanza zilikwenda vizuri. Wimbo wa mwisho ulikuwa mrefu. Ulianza polepole kama bluzi, ukawa unapanda, hadi vyombo vingine vikanyamaza na gitaa la Wanza likabaki peke yake likitafuta njia. Meneja wa Jukwaa alikuwa mtu aliyetoka jeshini, na aliheshimu saa kuliko alivyomheshimu mkwe wake. Aliona muda wa wageni umefika. Alimpa ishara mshereheshaji, kijana wa kupokea na kuaga makundi, naye akapanda na maiki akasema asante sana Kokoto, tuwapigie makofi. Mkono wa Wanza ukasimama juu ya nyuzi.

Hakuna aliyepiga makofi. Wanaume wa shuka mbele walikuwa wamesimama wima wakimtazama, wanawake nyuma yao vivyo hivyo, vijana wa mjini nao kimya. Nilitafuta shimo, sikuliona. Uwanja ulikuwa umejaa na umekufa. Wanza alichomoa waya wa gitaa, akashuka bila kutazama upande. Wageni wa Nairobi walipanda, wakapiga, wakainua mikono kuomba makofi, wakapewa.

Wiki iliyofuata Mkurugenzi alikuwa akipanga tamasha la mwisho wa mwaka, pale pale Kajiado, lile lililoamua ni makundi gani yatazunguka naye mwaka mzima. Alisema Kokoto hawamo. Aliona uwanja ukifa kwa macho yake mwenyewe. Lakini alikuwa na nidhamu ya kazi yake, hakuwahi kuondoa kundi bila maneno baridi, basi akanituma Kajiado nikayachote kabla programu haijapelekwa kwa mchapaji.

Kabla sijaondoka nilipita shuleni kwa Wanza, kwa sababu alinitumia salamu. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu yaguse kidevu. Aliniambia kwamba mpiga ngoma wake ameitwa na kaka yake kazini Emali, na amekubali kungoja uamuzi wa Mkurugenzi tu. Akienda yeye, wa besi naye ataenda.

"Baba Mwende, mimi sitaki unifiche," akasema. "Kama Kajiado hawanitaki, nitauza gitaa. Sitalia. Nitauza tu, niendelee na watoto wangu hapa."

Nilimwambia sijui. Ilikuwa kweli, sikujua, na nilipanda gari moyo ukiwa mzito, maana binti yule nilikuwa nimempenda kama wa kwangu na niliogopa kitakachotoka midomoni mwa watu.

Kuchota maneno Kajiado kuna adabu yake. Hufiki ukauliza. Unasalimu, sopa, unajibiwa, unauliza habari za mvua na za mifugo, unasimama karibu na watu wanaotazama ng'ombe, unatazama na wewe. Ukiwa mvumilivu, maneno yatakuja yenyewe. Siku hiyo hayakuchelewa. Kijana mmoja wa kupakia mifugo kwenye malori alikuwa akimwambia mwenzake kwamba yule msichana wa Kitengela ni fahali, sikia vile alivyopanda. Mwenzake akakataa, akasema ni ng'ombe wa ndama aliyekufa, fahali hahuzuniki hivyo. Mwanamke aliyekuwa akiuza maziwa akaingilia kati akasema wote wawili ni viziwi. Wakabishana mpaka mnunuzi wa ng'ombe akaondoka bila kuhudumiwa. Katika miaka yangu yote sikuwa nimeona watu wakigombania wimbo walioudharau.

Nikamtafuta Mzee Tipanko, nikavunja adabu, nikamuuliza moja kwa moja kwa nini, kama uliwapendeza, walinyamaza.

Alinitazama kwa huruma. "Wewe Mkamba, kwenu mtu akisimama kwa mkutano anaongea, mnamkata katikati mpige makofi?"

Nikasema lakini alikuwa amemaliza.

"Hakumaliza. Yule kijana wa maiki ndiye alimaliza. Huyo msichana alisimamishwa na maneno bado iko mdomoni. Sisi tulinyamaza tukingoja amalizie. Hata saa hii tunangoja."

Nikamkumbusha kwamba wale wa Nairobi walipigiwa makofi.

"Wale walimaliza. Na walikuwa wanaomba. Si tuko na mikono, tukawapa."

Ndipo akanieleza vizuri. Katika enkiguena, ule mkutano wa wazee wa kuamua mambo, anayesimama kusema haingiliwi. Husikilizwa kimya mpaka mwisho, na kadiri maneno yalivyo mazito ndivyo kimya kinavyozidi. Akishakaa ndipo wengine husimama kumjibu. Wengi pale uwanjani walilelewa hivyo, na hata wale wa mjini waliposikia kimya cha wazee walikifuata. Sisi na mixa yetu na mashimo yetu tulitazama heshima kubwa kuliko zote tukaiita kifo.

Nilirudi Kitengela nikanung'unika njia nzima nisisahau neno. Mkurugenzi alinisikiliza, kisha akauliza kama nimechota au nimetunga. Sikukasirika, ningekuwa yeye ningeuliza hivyo hivyo. Nilimwomba aende akasikie mwenyewe, naye, namsifu kwa hilo, akaahirisha kuchapa programu hadi siku ya soko iliyofuata, tukaenda pamoja. Alivaa viatu vyake vinavyong'aa. Sokoni walidhani ni mnunuzi mkubwa, na nusu ya kwanza ya asubuhi aliitumia kukataa mitamba, viatu vikizama kwenye samadi. Mzee Tipanko alipoambiwa huyu ndiye mwenye matamasha, alimshika mkono akampeleka kwenye lango la zizi ambamo ng'ombe walikuwa wakiingizwa.

"Tazama huyo," akasema. "Kichwa iko ndani, mkia iko nje. Utaniambia ni ng'ombe wa aina gani? Anachechemea ama hachechemei? Ako na mimba ama hana? Ngoja aingie wote. Huo wimbo wako uliufunga kwa lango."

Mkurugenzi alicheka, kisha akauliza swali ambalo nami nilikuwa naliogopa. Je, akimrudisha yule binti, akamaliza, na wao wakanyamaza tena?

Mzee alisema amlete kwanza.

Hilo ndilo jibu nililompelekea Wanza. Nilimwambia hawakumchukia, wanamngoja amalize. Aliuliza, wimbo wote? Nikamwambia wote. Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile, akakiri kwamba yeye mwenyewe hajui wimbo ule unaishia wapi, kwa kuwa kila mara humalizikia mahali tofauti. Mpiga ngoma alimwomba kaka yake amngoje kidogo. Wakawa wanafanya mazoezi machimboni Jumapili baada ya ibada, na wapasua mawe waliokuwa na siku ya mapumziko walikaa juu ya mawe waliyoyakata wenyewe, wakimwambia hapana, hapo bado, endelea.

Siku ya tamasha nilifika uwanjani mapema. Programu ilikuwa imechapwa, jina la Kokoto limo, lakini Mkurugenzi alikuwa ameniambia wazi kwamba hii ni nafasi yao ya mwisho, na kwamba uwanja ukifa tena hataenda tena sokoni kuulizia. Meneja wa Jukwaa alikuja akavua saa yake akanikabidhi mimi, akasema hajiamini akiwa nayo. Jua lilikuwa bado liko juu ya vilima Kokoto walipopanda. Wanza hakupiga nyimbo fupi kwanza. Alianza moja kwa moja na ule mrefu.

Sitajaribu kuueleza. Mimi ni mtu wa kuchota maneno, si wa kupiga gitaa. Nitasema tu kwamba ulipofika mahali pale ulipokatwa, vyombo vingine vikanyamaza, nilimwona mshereheshaji ameshika maiki kwa mikono miwili kama mtoto aliyeonywa. Gitaa likaendelea peke yake. Likapanda, likarudi, likatua, na ngoma ikaingia chini yake, kisha wote wanne wakaenda pamoja hadi mwisho, na safari hii ulikuwa mwisho wa kweli, hata mimi niliujua.

Kisha kimya.

Wanza alisimama pale akitazama watu, na watu wakimtazama. Nilimwona mpiga ngoma akiweka vijiti chini. Mkurugenzi alikuwa kando yangu na nilimsikia akipumua. Nilijua kile kimya maana yake nini, nilikuwa nimeelezwa, na bado niliogopa, kwa sababu kuambiwa ni kitu kimoja na kusimama ndani yake ni kingine. Wanza akaanza kuvua mkanda wa gitaa begani.

Hapo Mzee Tipanko akatoka mstari wa mbele, akatembea bila haraka hadi kwenye ngazi, akanyoosha mkono kuomba maiki. Mshereheshaji alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa. Mzee hakupanda jukwaani. Aliishika maiki pale chini, akamtazama binti yule.

"Enkerai ai," akasema, yaani mtoto wangu, "sasa umemaliza?"

"Nimemaliza, baba."

"Haya. Sasa sisi tuanze."

Na wakaanza. Mzee alisema kwamba yeye amesikiliza ng'ombe wote wa uwanja ule tangu akiwa mlinzi, na huyu si fahali na si mama wa ndama aliyekufa, ni chotara, na chotara ndiye anayestahimili ukame. Watu wakasema sidai, yaani nzuri kwa Kimaasai, kwa sauti moja nzito iliyotoka kifuani. Kabla hajashusha maiki, Lemayian, aliyekuwa amepanda lori kutoka Kitengela, alikuwa ameshafika. Akasema kwa heshima zote mzee amekosea, hiyo ni metali safi. Mpasua mawe mmoja akamfuata kusema ni bluzi. Yule mwanamke wa maziwa alisema hajali inaitwa nini, lakini ile sehemu ya kushuka ilimkumbusha alivyoolewa, na akataka ipigwe tena. Foleni ikaundwa mpaka kwenye mixa. Watu walicheka, wakapingana, wakaitikiana, na kila aliyesema alimaliza asikatwe na mtu. Wanza alikaa ukingoni mwa jukwaa, gitaa mapajani, akilia na kucheka kwa pamoja, akimjibu kila mmoja. Nami nililia, sioni haya kusema.

Kundi lililofuata lilichelewa sana. Meneja wa Jukwaa alinijia mara mbili kuomba saa yake, mara zote mbili nikamwambia sijui niliiweka wapi.

Mkurugenzi aliniinamia sikioni. "Kioko, nafikiri leo umejifukuza kazi."

Alikuwa anatania, lakini kulikuwa na ukweli. Kuanzia mwaka uliofuata matamasha yetu ya Kajiado yalikuwa na utaratibu huo: kundi likimaliza, maiki inashuka kwa watu. Kokoto walizunguka nasi miaka mingi. Watu walipokuwa wakisema wenyewe, tena mbele ya aliyepiga, mchota maneno alibaki na kazi gani? Nilipewa kazi ya kuibeba ile maiki na waya wake kutoka mkono hadi mkono, na niliifanya kwa furaha mpaka nikastaafu miaka ya elfu mbili ikielekea ukingoni. Kufikia wakati huo vijana walikuwa wakipiga simu redioni kutoa maoni yao kabla hata tamasha halijaisha. Maneno yao ni ya moto yote. Siwalaumu, ila wakati mwingine ningependa walale kwanza.

Mkurugenzi alinifanyia karamu ndogo, akasema katika hotuba yake kwamba mimi ndiye mfanyakazi pekee aliyemgharimu viatu. Wanza siku hizi anafundisha gitaa Matasia, na wanafunzi wake wengine ni wajukuu wa wale wazee wa kanisa waliompa kayamba. Gitaa ni lile lile. Mzee Tipanko tulimzika, na Kokoto walipiga ule wimbo mazishini, hadi mwisho, na watu wakasimama mmoja mmoja kuujibu. Mimi niko Kitengela, na karibu kila Jumatano hukutana na Lemayian, ambaye sasa ana kitambi na bucha lake mwenyewe. Bado anashikilia kwamba ule wimbo ni metali. Moyoni najua Mzee Tipanko alikuwa sahihi, ulikuwa chotara. Lakini kwa Lemayian huwa nasema ni bluzi, ili mazungumzo yasiishe.